Talaka bila wakili: mkulima wa Tabora aanzie wapi?

MASOKO ya tumbaku yanapofunguliwa mkoani Tabora, maghala ya vyama vya msingi hujaa marobota na makarani hushinda wakipiga hesabu. Deni la pembejeo hukatwa kwanza, makato mengine yanafuata, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mwanachama. Katika kaya nyingi mwanachama huyo ni mmoja tu, yaani mume. Lakini walioamka usiku kuchochea moto wa bani, wakachuma majani na kuyafunga kwenye fito, ni wawili pamoja na watoto wao.

Ndoa ikiwa na amani, jambo hilo halimsumbui mtu. Ndoa ikivunjika, ndilo la kwanza kuulizwa: hii mali ni ya nani, na deni lililobaki chamani atalilipa nani?

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi wanaamini kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa bila wakili, na kwamba wakili ni wa watu wa mjini. Kwa imani hiyo wengine huachana kienyeji. Mmoja anafunga nguo zake kwenye kanga na kurudi kwao, mwingine anabaki na shamba, nyumba na ng'ombe. Baada ya miaka michache mmoja anataka kuoa au kuolewa tena, au shamba linauzwa, au mmoja anafariki, na hapo ugomvi unaanza upya ukiwa mkubwa kuliko wa mwanzo.

Ukweli ni kwamba sheria ya Tanzania imeweka njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipita mwenyewe, kwa Kiswahili, karibu na kwake. Njia hiyo ina hatua chache, lakini kila hatua ina karatasi yake. Anayeruka karatasi moja hurudishwa mwanzo, na huko kurudi ndiko kunakomaliza fedha.

Swali la zamani kwenye njia ya misafara

Tabora imezoea ndoa za watu wanaosafiri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mwanamume aliweza kuondoka na mzigo wa pembe za ndovu akarudi baada ya miezi mingi, huku shamba likibaki mikononi mwa mke. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari zilibadilika chombo tu.

Hata leo kuna waume wanaotoka Sikonge au Uyui kwenda kufungua mashamba mapya mbali, wengine huelekea kwenye machimbo ya Kahama, na wengine hufanya biashara ya asali, mpunga au samaki wa Kigoma. Wapo wanawake wanaofanya biashara hizo pia. Wengi hurudi. Wachache hawarudi, au hurudi wakiwa na familia nyingine.

Kwa hiyo talaka katika mkoa huu mara nyingi inaambatana na maswali mawili: mwenzi mmoja yuko wapi, na wakati hayupo nani alijenga mali iliyopo?

Sheria moja kwa wote

Ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kiserikali au za kimila, zinatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Chini ya sheria hiyo, mwenye mamlaka ya kuvunja ndoa ni mahakama. Barua ya ukoo haivunji ndoa. Kurudisha mahari pekee hakuvunji ndoa. Karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji pia haivunji ndoa, hata ikigongwa mhuri.

Kwa Waislamu, talaka iliyotolewa kwa taratibu za dini ina uzito wake. Baraza likishathibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana, na mume au mke akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama hulichukua kuwa uthibitisho na kutoa amri yake. Hata hivyo bado ni lazima kufika mahakamani. Asiyefika atapata taabu siku ya kugawana mali.

Kwa Wakristo, kanisa lina msimamo wake kuhusu ndoa, na kila muumini anaufahamu wa kanisa lake. Mahakama inaangalia upande wa sheria ya nchi peke yake.

Kuna masharti mawili ya kukumbuka kabla ya kuanza. Kwanza, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haivunjwi isipokuwa kwa kibali cha mahakama, na mwombaji lazima aonyeshe kuwa anapata mateso yasiyo ya kawaida. Pili, mahakama haivunji ndoa kwa sababu watu wamechokana. Lazima iridhike kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha hivyo ni ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, au mwenzi kufungwa maisha au miaka isiyopungua mitano.

Kwa mke aliyeachwa na mume aliyekwenda mbali, hesabu ya miaka mitatu ni muhimu. Aandike tarehe aliyoondoka, mara ya mwisho kutuma matumizi, na majina ya majirani wanaojua.

Asiyetaka kuvunja ndoa kabisa anaweza kuiomba mahakama amri ya kutengana. Ndoa inabaki, lakini kila mmoja anaishi kwake, na mahakama inaweza kuamua kuhusu matunzo.

Hatua ya kwanza: Baraza la Usuluhishi la Ndoa

Kabla ya kwenda mahakamani, mgogoro hupelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa wakazi wengi wa vijijini kazi hiyo hufanywa na Baraza la Kata. BAKWATA na makanisa nayo yana mabaraza yao kwa waumini wao. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano.

Hapa hakuna haja ya wakili, na kwa kweli wakili haruhusiwi kumsemea mtu mbele ya baraza. Mlalamikaji anaeleza shida yake, baraza linamwita mwenzake, wote wawili wanasikilizwa, na jitihada za kupatanisha zinafanyika. Ndoa nyingi huishia hapa kwa heri. Ugomvi wa fedha za tumbaku, kwa mfano, unaweza kumalizwa kwa makubaliano kwamba mke naye aandikishwe uanachama au kwamba fedha zipitie akaunti ya pamoja.

Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati maalumu inayosema kuwa limejaribu na limeshindwa, pamoja na maoni yake. Hati hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia mahakamani. Bila hiyo, au ikiwa imejazwa vibaya, shauri huhesabiwa limefunguliwa kabla ya wakati wake. Yapo mashauri yaliyosikilizwa hadi hukumu, yakafika Mahakama Kuu kwa rufaa, kisha yakafutwa yote kwa kasoro ya hati hiyo moja. Miaka inapotea na nauli zinapotea.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuondoka na hati ni haya: iwe imetolewa na baraza lenyewe wala si na mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji; iseme wazi kuwa baraza limeshindwa kuwasuluhisha; na iwe na tarehe, kwa sababu shauri linatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati itolewe. Mkulima anayepokea hati mwezi Desemba akasema atasubiri fedha za msimu zilipwe mwezi Julai atakuta hati imekwisha muda.

Baraza haligawi mali na halitoi talaka. Likifanya hivyo, uamuzi huo hauna nguvu. Kazi yake ni kupatanisha na kutoa hati.

Kuna hali ambazo sheria inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kupitia barazani. Hali hizo ni pamoja na mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo, mwenzi anayeishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, mwenzi aliyeitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, mwenzi aliyefungwa maisha au miaka mitano na zaidi, na mwenzi mwenye ugonjwa wa akili usiopona. Mahakama inaweza pia kukubali mazingira mengine yasiyo ya kawaida.

Anayepigwa au kutishiwa maisha asikae kusubiri tarehe ya baraza. Sheria ya Ndoa inasema wazi kuwa hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Aende kwanza polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na akapate matibabu. Karatasi za polisi na hospitali zitamsaidia baadaye kama ushahidi.

Hatua ya pili: Mahakama ya Mwanzo

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, Mahakama ya Mwanzo ndiyo chaguo la kwanza. Iko karibu, ada zake ni ndogo, na tangu zamani imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama hizo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliwaruhusu pale tu shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Utaratibu wake basi ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaojisemea wenyewe.

Madai yanaweza kuandikwa au kuelezwa kwa mdomo yakaandikwa mahakamani. Kwa vyovyote vile, ombi la talaka linatakiwa kuwa na mambo yafuatayo: majina ya wanandoa na siku na mahali walipofunga ndoa, majina na umri wa watoto, kama kuna shauri lingine la ndoa hiyo lililowahi kufunguliwa, matukio yanayoonyesha ndoa imevunjika, makubaliano yoyote ya mali au matunzo, na kile mwombaji anachoomba. Hati ya baraza huambatanishwa.

Hicho cha mwisho husahaulika mara nyingi. Mtu anaomba talaka, anaipata, anafurahi, kisha anakumbuka kuwa hakutaja shamba wala watoto. Ni bora kuomba yote kwa pamoja: kuvunjwa kwa ndoa, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na matunzo.

Asiyeweza hata ada ndogo anaweza kuiomba mahakama imwondolee. Na anayehitaji kusaidiwa kuandika anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao ni ya bure. Hawasimami mahakamani badala ya mtu, lakini wanaelimisha, wanasaidia kupanga maelezo na wanaelekeza pa kwenda. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuulizia walipo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo ilianzishwa kupeleka huduma ya aina hiyo kwa wananchi.

Mchango wa jembe ni mchango

Sehemu ngumu ya talaka ya mkulima ni mali. Mahakama hugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Inaangalia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, sheria inaitaka ielekee kwenye usawa.

Je, kupika, kulea na kuchota maji ni mchango? Swali hilo lilijibiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Wengi huikumbuka sehemu hiyo tu. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu zaidi, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha pewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia alizitumia vibaya. Fundisho kwa wafanyabiashara wadogo ni kwamba mchango unahesabiwa, na uharibifu nao unahesabiwa.

Kwa ardhi kuna kinga nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kuwa pale ardhi inapoandikwa jina la mwenzi mmoja, lakini mwingine akachangia kwa nguvu zake katika kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, huyo naye huhesabiwa kuwa na haki katika ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nyumba ya familia nayo haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Shamba ambalo mume alirithi kwa baba yake kabla ya ndoa linabaki lake. Lakini kama wawili hao waliliendeleza kwa kiasi kikubwa, kwa mfano kwa kung'oa visiki, kujenga mabani na kuchimba kisima, maendeleo hayo yanaweza kuingizwa kwenye hesabu. Vivyo hivyo kwa kibanda cha biashara cha mke alichokuwa nacho kabla ya kuolewa.

Penye wake wawili au watatu, kila mke aonyeshe mali aliyoshiriki kuipata. Jasho la mke mkubwa aliyefungua shamba halipaswi kugawiwa katika talaka ya mke mdogo aliyekuja baadaye.

Na walioishi pamoja bila ndoa rasmi? Sheria inachukulia kuwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa ni mume na mke, walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kutomalizika kwa mahari hakubatilishi ndoa.

Mali bila daftari

Mahakama ya Rufani imerudia mara kadhaa kuwa kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Hakimu hawezi kujua nani alilima nini kama hakuambiwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unafaa mahakamani kuliko dukani.

Ushahidi wa mkulima hauhitaji wakili kuukusanya. Ni stakabadhi za mauzo ya tumbaku na kumbukumbu za pembejeo za chama, muhtasari wa halmashauri ya kijiji ilipotoa ardhi, risiti za bati na saruji, kadi ya pikipiki, na daftari la genge au la mauzo ya asali. Pasipo na karatasi, kuna watu: fundi aliyejenga nyumba, jirani wa shamba, kibarua aliyelipwa na mke, katibu wa chama aliyewaona wote wawili wakileta marobota. Mashahidi wawili waliokuwepo ni bora kuliko kumi waliosikia.

Karatasi zinakiliwe mapema, kabla ugomvi haujapamba moto. Na kama kuna dalili kwamba mwenzi anauza ng'ombe au anaingiza marobota sokoni kwa jina la mtu mwingine ili mali isionekane, mahakama ina uwezo wa kuzuia na hata kutengua uhamishaji wa namna hiyo. Lazima iombwe, tena haraka.

Hesabu ya kaya moja

Tuchukue mfano wa mahesabu. Mume na mke wana nyumba ya bati yenye thamani ya Sh5,000,000, ekari tano walizofungua pamoja zenye thamani ya Sh2,000,000, ng'ombe wanne wa Sh500,000 kila mmoja, pikipiki ya Sh1,500,000 na mizinga 20 ya Sh25,000 kila mmoja. Jumla ni Sh11,000,000.

Wana deni la pembejeo chamani la Sh1,800,000, ambalo lilikopwa kwa ajili ya shamba la familia. Mume ana deni jingine la Sh600,000 alilokopa kwa mambo yake binafsi. La kwanza linaondolewa kwenye mali ya wote, la pili linabaki lake. Mali halisi ya kugawa ni Sh9,200,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anapata Sh4,600,000. Mahakama ikiona mchango ni asilimia 60 kwa 40, mmoja atapata Sh5,520,000 na mwingine Sh3,680,000.

Sasa wagawane vipi bila kuuza? Njia moja ni mke anayebaki na watoto achukue nyumba ya Sh5,000,000 na amrudishie mume Sh400,000. Mume anachukua ekari zote, ng'ombe, pikipiki na mizinga, vyote Sh6,000,000, na kulipa deni la chama. Kwenye karatasi wako sawa. Lakini mke huyo ana paa bila shamba, na nyumba yenyewe huenda iko katikati ya ndugu wa mume.

Njia ya pili ni mke achukue ekari, ng'ombe na mizinga, vyote Sh4,500,000, na mume abaki na nyumba na pikipiki, alipe deni la chama na kumwongezea mke Sh100,000. Hesabu ni ileile ya nusu kwa nusu. Safari hii mke hana paa, lakini ana mahali pa kulima, maziwa na asali ya kuuza. Ipi ni bora hutegemea kijiji, umri wa watoto na kama mke ana kwao pa kujenga. Jambo la msingi ni kuitazama mali kwa kile inachozalisha, pamoja na bei yake.

Njia mbaya kuliko zote ni kuuza kwa hasira. Ng'ombe wale wanne wakiuzwa kwa haraka Sh350,000 kila mmoja, Sh600,000 zimepotea, na hakuna kati ya wanandoa hao aliyezipata. Kunguru amefurahia vita vya panzi.

Wanandoa wanaoelewana kiasi cha kukaa meza moja wanaweza kuandika makubaliano yao ya mali na watoto, wakasaini mbele ya mashahidi na kuyapeleka mahakamani pamoja na ombi. Hakimu akiyaona ni ya haki, shauri linakuwa fupi. Hayo ndiyo makubaliano yenye faida kuliko yote, kwa kuwa gharama kubwa ya talaka ya kijijini ni siku na nauli. Mtu anayelipa Sh16,000 kwenda na kurudi mahakamani mara sita ametumia Sh96,000. Akileta mashahidi wawili siku moja tu ya ushahidi, anaongeza Sh32,000. Akiwaleta kila tarehe, ameongeza Sh192,000 bure. Karani aulizwe mapema ni siku gani mashahidi watasikilizwa.

Deni la chama haliachwi

Talaka haimwondoi mkopaji kwenye daftari la chama. Mkopo wa pembejeo huandikwa kwa jina la mwanachama, na chama kitaendelea kumdai huyo aliyesaini, hata kama mahakama imesema mwenzake achangie. Kwa hiyo amri ya mahakama iseme nani analipa kiasi gani na lini, na nakala ipelekwe kwa katibu wa chama.

Anayeomba talaka katikati ya msimu aangalie pia jani lililoko shambani. Tumbaku ambayo haijachumwa si mali bado, ni kazi. Wanandoa wakigomeana mwezi wa kuchuma, jani linaungua shambani na deni linabaki palepale. Baadhi ya wazee husuluhisha hili kwa busara: msimu umalizwe kwanza, mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi, kisha kila mmoja aende zake. Ilimradi hakuna kipigo ndani ya nyumba, na hati ya baraza haijapita miezi sita, ni ushauri mzuri.

Watoto

Katika malezi, mahakama inaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, isipokuwa kuwe na sababu nzuri ya kuamua vinginevyo. Mtoto mkubwa anaweza kuulizwa anachotaka. Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto hata kama mtoto anaishi kwa mama.

Kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, matunzo ya kila mwezi yanaweza kukwama. Ni vizuri kumweleza hakimu hali hiyo na kupendekeza utaratibu unaotekelezeka, kwa mfano magunia ya mahindi baada ya mavuno, ada na sare shule zinapofunguliwa, na fedha kidogo za kila mwezi kwa mambo madogo.

Baada ya hukumu

Hukumu ikitoka, mhusika achukue nakala ya hukumu na ya amri ya talaka. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo hazisubiri mavuno. Aliyeridhika ahakikishe talaka imesajiliwa kwa msajili, chini ya RITA, ili apate cheti chake. Cheti hicho kitatakiwa siku ya kufunga ndoa nyingine.

Kama mali haikabidhiwi kwa hiari, mahakama iliyotoa hukumu huombwa kukazia hukumu yake. Kumvamia mwenzi usiku na kuswaga ng'ombe, hata kama hukumu imesema ni wako, ni kujitafutia kesi ya jinai.

Wapo ambao hawana mgogoro wowote na wanasoma haya wakidhani hayawahusu. Nao wana la kufanya msimu huu. Mke aandikishwe uanachama wa chama chake cha msingi. Hati ya ardhi ya kimila iandikwe majina mawili. Daftari la mauzo liwekwe mahali ambapo wote wawili wanalifikia. Mambo hayo yatawafaa siku ya ugomvi, siku ya kukopa benki, na siku mmoja wao atakapotangulia mbele ya haki.